Brashi Gani kwa Nywele Gani? Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nasuka na kutengeneza nywele nyumbani kwangu mtaa wa Langoni, Lamu. Wateja wangu huja baada ya Alasiri, kazi za jikoni zikishapungua, na siku mbili kabla ya Idi huwa hakuna hata pa kuweka kikombe. Maswali wanayoniuliza ni yaleyale, na mengi yanahusu brashi na vitana. Nimeyaandika hapa ili yule aliye Malindi, Faza au Mombasa naye ayapate.

Jambo moja kwanza. Nyumba nyingi nilizoingia zina brashi moja tu. Iko karibu na kioo, na hutumiwa na mama mwenye nywele za singa, binti mwenye mawimbi, mjukuu mwenye kipilipili, na mgeni aliyelala jana. Matatizo mengi ninayoletewa yalianzia kwenye brashi hiyo.

Nitajuaje nywele zangu ni za aina gani?

Tazama unywele, usitazame kabila. Mji wetu umepokea watu kutoka Hadhramaut, Bara Hindi, visiwa vya Wabajuni na bara, na damu zimechanganyika vizazi vingi. Nimewachana ndugu wa tumbo moja, mmoja nywele zinateleza mkononi kama hariri, mwenzake kitana hakipiti bila mafuta. Mama yao alikuwa akiwanunulia vitu sawa ili asionekane anapendelea.

Fanya hivi. Osha nywele kwa sabuni au shampuu, usipake mafuta, usichane, ziache zikauke zenyewe. Kisha ng'oa nywele tatu: moja ya utosini, moja ya kisogoni, moja ya mbele karibu na kipaji. Zilaze juu ya karatasi nyeupe. Unywele ukinyooka toka mwanzo hadi mwisho, hiyo ni singa. Ukienda kwa mapindo marefu kama maji ya mkondo, ni mawimbi. Ukijizungusha kama springi ya kalamu, ni nywele za kujipinda. Ukiwa na springi ndogo sana zilizobanana, au vipindo vya zigizaga, hiyo ni kipilipili. Usishangae ukipata aina mbili kwenye kichwa kimoja. Wateja wangu wengi nywele za kisogoni zimejipinda kuliko za mbele.

Huenda umesikia watu wakisema "mimi ni 4C" au "3B". Hesabu hiyo ilienezwa na msusi wa Marekani, Andre Walker, miaka ya 1990: namba 1 ni singa, 2 mawimbi, 3 za kujipinda, 4 kipilipili, na herufi huonyesha mpindo ulivyobana. Inasaidia, lakini inatazama mpindo tu. Haikwambii unene wa unywele, na kwa kuchagua brashi unene una uzito uleule. Shika unywele mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, uusugue taratibu. Kama huuhisi kabisa, ni mwembamba na hukatika upesi. Ukiuhisi kama uzi wa kushonea, ni mnene na utastahimili meno magumu zaidi.

Sasa kila aina inataka kifaa gani?

Singa nyembamba hutaka brashi laini yenye mto wa mpira, meno yake yakiwa membamba na yanayopinda ukiyabonyeza. Singa nene na ndefu, zile za kufika kiunoni, hutaka brashi pana, bapa, yenye meno marefu yaliyoachana, maana brashi ndogo itachana tabaka la juu na kuacha mafundo chini.

Mawimbi hayapendi brashi zikiwa kavu. Ukiyapitisha brashi kavu, hasa wakati wa kusi hewa ikiwa na unyevu mwingi, yanafura yote na unabaki timutimu. Yachane yakiwa na unyevu, kwa kitana cha meno mapana, kisha uyaache.

Nywele za kujipinda zinahitaji vitu viwili: kitana cha meno mapana cha kutoa mafundo, na, ukitaka kuzipanga mapindo yake, brashi yenye safu za meno zilizopandwa kwenye mpira mwekundu au mweusi, ule mtindo wa kampuni ya Denman iliyoanza mwaka 1938. Safu za meno huweza kuchomolewa. Mimi huchomoa safu moja na kuacha moja, nafasi inakuwa pana na mpindo unatoka mkubwa, haukatwikatwi.

Kipilipili huanza na vidole. Ndiyo, vidole. Kisha shanuo la meno mapana. Brashi huja mwisho kabisa kama inakuja, na kazi yake ni kulaza nywele za pembeni wakati wa kufunga, si kutoa mafundo. Shanuo lenye meno marefu yaliyosimama, lile ambalo wengine hudhani lilizaliwa Marekani enzi za afro, ni kitu cha Afrika tangu kale: mashanuo ya namna hiyo yamefukuliwa kwenye makaburi ya Misri na Sudan, mengine yana zaidi ya miaka 5,000.

Nywele zilizotiwa dawa zichukulie kama singa nyembamba, hata kama kabla ya dawa zilikuwa nene. Dawa hunyoosha unywele kwa kuvunja viungo vinavyoushikilia, kwa hivyo nguvu yake imepungua. Pale panapokutana nywele mpya na zile za dawa ndipo penye udhaifu kuliko pote, na ndipo brashi hukata. Pashike kwa mkono kila unapochana chini yake.

Nichane nywele zikiwa kavu au zimelowa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake hugeuka kulingana na kichwa.

Maji huufanya unywele uwe laini na uvutike. Singa ikilowa huvutika mno, na ukiivuta kwa brashi inafika mahali hairudi, inakatika. Kwa hivyo mwenye singa asubiri hadi zikauke kidogo, zisiwe zinadondoka maji, ndipo aanze, tena kwa kitana cha meno mapana.

Kipilipili ni kinyume. Kila kipindo cha unywele ni mahali ambapo umejikunja, na kila mkunjo ni udhaifu. Juu ya hapo, mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka kwenye vipindo vyote hivyo, kwa hivyo ncha huwa kavu hata kama ngozi ina mafuta. Ukichana kavu, meno ya kitana yanavunja kila mkunjo yanapopita. Utasikia sauti yake: tatata, kama makuti makavu yanapokanyagwa. Ukisikia sauti hiyo, simama hapo hapo.

Kwangu huwa hivi. Mteja anakaa kwenye mkeka, mimi kwenye kibao nyuma yake. Nazigawa nywele mafungu manne, kwa kichwa chenye nywele nyingi sana mafungu manane, na kila fungu nalisokota nalibana. Nafungua moja tu. Nanyunyizia maji ya uvuguvugu kwa chupa ya kunyunyizia, napaka kondishona hadi fungu zima liteleze, au mafuta ya nazi kama kondishona hakuna. Kisha vidole: naingiza kidole kwenye fundo na kulipanua kwa pembeni, silivuti kushuka. Fundo likilegea, nashika fungu katikati kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, ili mvuto usifike kwenye ngozi, na kwa mkono wa kulia naanza na shanuo kwenye ncha, kama upana wa vidole viwili. Ncha zikipita, napanda vidole viwili tena. Na tena. Kitana hakianzi kwenye mizizi hata siku moja. Ukianzia juu unayasukuma mafundo yote yakusanyike chini, na hapo chini ndipo unywele ulipo mkongwe na dhaifu.

Fungu moja huchukua kama dakika tano. Wateja wapya hunung'unika kwamba ni muda mwingi. Wa zamani huja na kitabu.

Je, zile brashi za plastiki zisizo na mpini, zenye meno mengi mafupi na marefu, zafaa?

Zafaa, zikiwa nzuri. Mtindo huo ulianza mwaka 2007, ulipotolewa na msusi Mwingereza Shaun Pulfrey kwa jina la Tangle Teezer. Siri yake ni meno yanayopinda: yakikutana na fundo yanakubali badala ya kulikata. Za kuiga zimejaa madukani, na nyingi plastiki yake ni ngumu, haipindi. Bonyeza meno kwa kidole gumba kabla hujalipa. Yakikuchoma na kusimama wima, iache.

Kwa kipilipili nene, hata ile nzuri hutumika baada ya vidole tu, nywele zikiwa zimelowa na zimejaa kondishona.

Nimeambiwa brashi nzuri kabisa ni ya manyoya ya nguruwe. Kweli? Na sisi Waislamu tufanyeje?

Ni kweli kwamba brashi za bei ghali za Ulaya nyingi hutengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, na zina sababu. Manyoya yale yana magamba madogo kama ya unywele wetu, kwa hivyo hushika mafuta ya ngozi ya kichwa na kuyasambaza hadi kwenye ncha, na nywele hung'aa. Lakini hiyo ni kazi kwa singa na mawimbi membamba. Kwenye nywele nene au kipilipili, manyoya hayapenyi, yanapapasa juu tu. Kwa hivyo wengi wetu hatukosi kitu tukiikosa.

Tatizo ni kwamba watu wanayo bila kujua. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye nyumba ya wageni Malindi aliniletea brashi ya mbao, nzito, nzuri mno, aliyopewa na wageni wa Kitaliano walipokuwa wakirudi kwao. Alikuwa akiitumia miezi mitatu. Kwenye mpini iliandikwa *cinghiale*, naye alidhani ni jina la kampuni. Ni nguruwe mwitu kwa Kitaliano. Kwa hivyo soma maandishi: kwa Kiingereza utaona *boar*, kwa Kifaransa *sanglier*, kwa Kijerumani *Wildschwein*. Ukiona neno moja kati ya hayo, hata kama limechanganywa na *nylon*, basi ndani mna manyoya ya nguruwe.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu pwani tunafuata, nguruwe ni najisi nzito na nywele zake zimo. Yule dada alikuwa akiitumia kwenye nywele mbichi baada ya kuoga, na alilia aliposikia. Nilimwambia amwone sheikh wake, naye alielekezwa namna ya kujitoharisha, bila kugombezwa. Ukiwa kwenye hali hiyo fanya vivyo hivyo, usihukumiwe na msusi.

Badala yake tafuta brashi ya nailoni laini, au ya manyoya ya mbuzi au farasi ikiwa imeandikwa wazi. Ukiwa na shaka kama ni nailoni, kata unyoya mmoja uuchome kwa kiberiti. Nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu. Manyoya ya mnyama hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu. Kipimo hicho hakikuambii ni mnyama gani, kwa hivyo ikinuka nywele na haina maandishi, usiinunue.

Dukani nikague nini?

Meno. Vitana vingi vya plastiki hutengenezwa kwa kumimina plastiki kwenye kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana hubaki mshono, ukingo mwembamba unaopita katikati ya kila jino. Hauonekani vizuri, ila ni kama msumeno. Mimi huenda dukani na mtandio wa shifoni. Nakipitisha kitana juu ya shifoni mara mbili tatu. Kikishika uzi hata mmoja, nakirudisha. Wenye duka wamenizoea.

Kwa brashi yenye meno ya vichwa, yaani vile vidonge vidogo vya mviringo kwenye ncha, pitisha kiganja. Hakikisha kila jino lina kichwa chake. Kikitoka kimoja, jino linabaki kama sindano, linachana ngozi na kukata nywele. Brashi ya zamani yenye meno mengi yasiyo na vichwa ni ya kutupa, hata kama mpini wake bado unapendeza.

Bibi yangu alisema nipige brashi mara mia kila usiku. Ni kweli zinakua?

Hapana. Ushauri huo ni wa zamani na ulikuwa wa watu wa singa ndefu waliokuwa wakiosha nywele mara chache sana, brashi ikiwasaidia kutoa vumbi na kusambaza mafuta. Unywele umefunikwa na magamba yanayopandana kama makuti ya paa. Kila brashi inapopita inayasugua, na kupita mia kwa usiku kunayachosha na kuyapasua. Chana mafundo, panga, acha.

Kila nikichana nywele nyingi zinabaki kwenye brashi. Naumwa?

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kama umefumua misuko ya wiki tatu, utaona bonge linalotisha, lakini piga hesabu: ni zile za siku ishirini zilizokuwa zimeshikwa ndani ya msuko.

Jambo la kutazama ni urefu na mwisho wake. Unywele uliong'oka wenyewe ni mrefu na una kijidonge cheupe upande mmoja. Hizo ziache ziende. Ukiona vipande vifupi vifupi visivyo na kijidonge, vimekatika, na sababu mara nyingi iko mkononi mwako: kitana, brashi, au ukavu. Na kama ngozi ya kichwa imeanza kuonekana kwa mabaka, au nywele za mbele zinarudi nyuma, nenda ukamwone daktari wa ngozi mapema. Kichwa kinachovutwa kwa misuko ya kubana kila mwezi hufika mahali mizizi hufa, na hapo hakuna brashi wala mafuta ya mnyonyo yatakayorudisha.

Naogelea baharini. Nichane lini?

Kamwe usichane nywele zenye mchanga na chumvi. Chumvi ikikauka hubaki kama chembe juu ya unywele, na mchanga ni msasa. Suuza kwa maji baridi matamu kwanza, mengi, hata kama ni kwa kata na ndoo, ndipo upake mafuta na kuchana.

Na kisima nacho kina mambo yake. Maji ya bomba ya mji wa Lamu hutoka visima vya Shela, ambako mvua huchujwa na matuta ya mchanga, lakini visima vingi vya majumbani maji yake ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele hubaki ngumu, na kwenye brashi hujengeka unga mweupe. Kama una pipa la maji ya mvua, yatumie kwa suuzo la mwisho. Utauona mkono wa kitana ukipita wepesi.

Navaa mtandio siku nzima, na nikifunua nywele zote zimetatizana kisogoni.

Ni msuguano. Pamba huvuta na kunyonya mafuta. Funga kitambaa cha satini au hariri ndani, kisha mtandio juu. Na usifunike nywele mbichi. Najua asubuhi kuna haraka, watoto wa shule na kila kitu, lakini nywele mbichi zikifungiwa kwenye joto letu hunuka, ngozi huwasha, na mba hupata makazi. Osha usiku mapema au siku ya mapumziko. Mafundo ya kisogoni yatoe kwa vidole na tone la mafuta, halafu kitana.

Kwa blodrai ya Idi, brashi ya duara au ya kawaida?

Ya duara hutoa mviringo kwenye ncha na huvuta singa na mawimbi vizuri. Yenye pipa la chuma au seramiki hushika joto, kwa hivyo kazi huisha upesi lakini huunguza upesi vilevile. Kwa kipilipili sitii brashi ya duara kabisa, inajisokota na mwisho tunaikata kwa mkasi. Natumia kitana cha meno mapana kilichofungwa kwenye mdomo wa blodrai, moto wa kati, nywele zikiwa zimekauka robo tatu. Na plastiki laini usiiweke kwenye moto, meno yatapinda na hayarudi.

Niisafisheje brashi yangu?

Toa nywele kila baada ya kutumia, kwa mkia wa kitana. Kila wiki mbili, au kila wiki kama unapaka mafuta mengi, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na shampuu kwa kutumia mswaki wa zamani, ukisugua kati ya meno. Brashi ya mto wa mpira usiizamishe: ule mto una kitundu cha kupumulia, maji yakiingia hayatoki, na kwa unyevu wetu ukungu utaota ndani bila wewe kuona. Ishike meno yakitazama chini ukiosha, na ianike hivyohivyo juu ya taulo, kivulini.

Mwaka 1898 mwanamke mweusi wa New York, Lyda Newman, alipewa hataza ya brashi ambayo uchafu ulipita kati ya manyoya ukaingia chumba cha nyuma, nawe ukakifungua na kukisafisha. Kila ninaposugua brashi ya mteja iliyojaa mafuta ya mwaka mzima humkumbuka. Alilijua tatizo hili vizuri.

Brashi za mitumba ni salama? Na kuazimana?

Sinunui, na sikushauri ununue. Mapunye ni ukungu, na mbegu zake hukaa kwenye kitana muda mrefu. Mtoto mmoja madrasani akiwa nayo na kitana kikizunguka, utaona mabaka kwenye vichwa vitano. Na mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu, yanahitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali, kwa hivyo usipoteze miezi kwa vitunguu saumu na chokaa.

Chawa husambaa zaidi kwa kichwa kugusana na kichwa, lakini vitana navyo husaidia. Wakiingia nyumbani, loweka vitana vyote kwenye maji ya moto yasiyopungua nyuzi 54 kwa dakika 5 hadi 10. Kile kitana cha chawa cha meno yaliyobanana kitumie kwa kazi hiyo pekee. Nimeona mama akikitumia kuchana nywele za kawaida za binti kila siku, na zilikuwa zimekwisha.

Shanuo la mbao au la plastiki? Na lile la ng'amba alilokuwa nalo bibi?

Mbao, ukiweza. Mafundi wetu wa Lamu wanaochonga milango na makasha wanaweza kukuchongea shanuo. Mpe maelekezo: meno yaachane kama unene wa penseli, ncha ziwe butu, na kila jino lipigwe msasa hadi lisishike shifoni. Shanuo la kuuzia watalii hupendeza kwa nakshi, lakini meno yake mengi hayajalainishwa ndani, kwa kuwa fundi anajua litatundikwa ukutani. Usililoweke majini. Lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, kisha mafuta ya nazi kidogo mara moja kwa mwezi, lisipasuke.

Gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, lilitoka pwani hii kwenda nchi za nje tangu karibu miaka elfu mbili iliyopita, na vitana vyake vilikuwa laini kweli. Sasa ng'amba yuko hatarini kabisa kutoweka, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku, na hapa Kenya ni kosa la jinai. Ukiuziwa pwani na kijana anayekuambia ni "la zamani tu", usilinunue.

Wanaume je?

Nywele fupi zinataka brashi laini ya nailoni, na wenye kipilipili walainishe kwanza kwa maji. Ndevu zina ukinzani zaidi, zichane kwa kitana kidogo cha mbao baada ya kuoga, zikiwa na tone la mafuta. Jambo la nguruwe linawahusu zaidi nyinyi: brashi nyingi za ndevu na za kunyolea ni za manyoya hayo. Soma maandishi.

Nywele zilizokatwa na brashi hurudi?

Zikikatika, ndiyo, maana mzizi uko hai. Hukua wastani wa sentimita moja na kitu kwa mwezi, na za kipilipili huonekana kama hazikui kwa sababu zinajikunja.

Nasema hili kwa kuwa nililifanya mwenyewe. Mpwa wangu alikuwa na miaka sita, kulikuwa na harusi ya jirani, tumechelewa, nami nikachukua brashi pana ya dukani niliyokuwa nimeinunua siku ile bila kuikagua. Nywele zake kipilipili, kavu, na mimi nikaanzia juu. Alilia, nikamwambia avumilie, tunachelewa. Nilipomaliza, kwenye mapaja yangu kulikuwa na vipande vifupi kama vumbi la mkaa, na utosini pamebaki upara mdogo wa nywele za nusu kidole. Mama yake hakuniambia neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Ilichukua mwaka na nusu pakalingana na penginepo. Wakati huo wote hakukubali niguse kichwa chake, hata mafuta alipaka mwenyewe. Nilimchongeshea shanuo dogo la mbao, meno manane, nikamwachia alijaribu peke yake kwenye nywele za mwanasesere, kisha kwenye nywele zangu, kisha kwenye zake, akianzia ncha. Sasa ana miaka kumi na moja. Jino moja la lile shanuo limevunjika na hataki jipya. Analiweka kwenye mkoba wa madrasa, limefungwa kwenye kipande cha leso, na haazimi mtu.